Panga Lipite Motoni Kwanza

Siku niliyoripoti kazini Kayanga nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, vyeupe, vyenye kisigino kidogo. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Afisa Kilimo wa Wilaya, mzee mnene mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kumkagua mtu kuanzia miguuni. Aliangalia viatu, akasoma cheti changu cha chuo cha kilimo, kisha akarudi kwenye viatu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mara ya pili, maana nilidhani hakunisikia.

"Marahaba, binti. Nimekusikia. Navisikitikia tu hivyo viatu."

Akanipangia Nyakasimbi. Kabla sijatoka mlangoni akaniita tena. "Sikiliza. Mkulima atakukaribisha chakula siku ya kwanza kwa sababu wewe ni mgeni. Siku hiyo usimfundishe kitu. Kula, shukuru, nenda zako. Siku utakayowakuta wanakula, wasihangaike kukutafutia kiti, wakuambie tu sogea hapo, hiyo ndiyo siku ya kuanza kazi."

Nilicheka moyoni. Nilikuwa binti mdogo, nimetoka chuoni juzi, na nilitaka kufundisha kesho yake asubuhi. Kweli nilijaribu. Wakulima wa Nyakasimbi walinisikiliza kwa heshima zote, wakanipigia makofi, wakarudi kufanya vile walivyokuwa wakifanya tangu enzi za babu zao.

Siku hizo maafisa ugani tuliitwa mabwana shamba, na kwa kuwa mimi sikuwa bwana, watu walipata tabu waniite nani. Wengine waliniita bibi shamba, wengine bwana shamba wa kike. Mzee mmoja aliniita mwalimu wa migomba, akidhani ananitania, na mimi nikalipenda jina hilo kuliko yote.

Nyinyi vijana mnaosoma haya, na hasa mnaofanya kazi hii kwa simu na pikipiki mpya, lazima kwanza mfahamu kibanja ni nini kwetu. Kibanja si shamba tu. Ni migomba inayoizunguka nyumba, kahawa katikati ya migomba, maharage chini ya kahawa, na pembeni, mahali pasipochezewa, makaburi ya wazee. Mtu wa kwetu huzaliwa ndani ya kibanja na huzikwa ndani yake. Kwa hiyo ukimwambia mtu "mgomba huu uondoe", unamwambia habari za nyumba yake, si za mmea.

Kazi ilikuwa ya miguu, baadaye ya baiskeli. Tulifundisha kutega fukusi, mdudu mweusi anayetoboa mgomba chini kabisa karibu na mizizi: unalaza vipande vya mgomba uliokwisha kuvunwa, asubuhi unavigeuza na kuwaokota waliojificha. Tulifundisha pia kanuni ya mama, binti na mjukuu. Katika kila shina unaacha mgomba mmoja mkubwa, mmoja unaokua, na chipukizi moja changa, mengine yote unayang'oa ili yasigombanie chakula. Akina mama walielewa upesi. "Waitu, jamani," alisema mmoja wao, "kumbe hata migomba inahitaji uzazi wa mpango!" Walicheka mpaka somo likaishia hapo.

Samadi tuliipata kwa wafugaji wa rweya, zile mbuga za nyasi zilizo wazi. Walikuwa Wakristo wenzetu, na Jumapili tulikaa nao benchi moja. Jumatatu kila mtu alirudi upande wake: ng'ombe wao waliingia kwenye vibanja vyetu, na sisi tulifyeka malisho yao tupate nyasi za kutandaza chini ya migomba. Sehemu kubwa ya miaka yangu ya mwanzo ilikwenda katika kusuluhisha ugomvi huo, na sikuona popote chuoni tulipofundishwa kusuluhisha ugomvi.

Mimi nililelewa katika Ulutheri na nikaimba kwaya tangu utotoni. Kwa muda mrefu nilidhani kumtumikia Mungu ni habari ya Jumapili, na kazi ni habari ya mshahara. Nyabiyonza ndiko nilikojifunza vingine. Aliyenifundisha hakujua kwamba ananifundisha, na angecheka kama ningemwambia.

Nilihamishiwa Nyabiyonza nikiwa tayari mama wa watoto, na ofisi imenipa pikipiki iliyokuwa ikizimika kwenye kila mlima. Huko nilimkuta Mzee Byarugaba. Alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu, mrefu, mwembamba, mgane aliyeishi karibu na wanawe. Siku ya kwanza kunikuta barabarani nasukuma pikipiki alisimama, akavua kofia. "Bibi shamba," akasema, "naona leo ni zamu yako kuibeba."

Lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu mtu akifiwa hashiki jembe wala panga mpaka matanga yaishe. Kibanja chake kinaachwa kilivyo. Wakati huohuo waombolezaji wamejaa, wanalala hapo, wanahitaji kula. Kila jirani hutoa mkungu wa ndizi, na majani mabichi ya kufunikia chakula na ya kukalia. Basi lazima apatikane mtu wa kupita kibanja hadi kibanja akikata. Nyabiyonza mtu huyo alikuwa Mzee Byarugaba. Hakuchaguliwa na kikao chochote. Msiba ukitokea tu, utamwona anakuja na panga lake begani, la mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli.

Na hakuishia kukata. Alipomaliza kukusanya mikungu, aliingia kwenye kibanja cha wafiwa peke yake, akaondoa majani makavu, akapunguza machipukizi, akakata yale maua mekundu yanayoning'inia chini ya mkungu, ambayo sisi huyaita maua dume. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajichosha hivyo.

"Nilipofiwa na mama watoto," akaniambia, "nilikaa chini kama desturi inavyotaka. Nikawa natazama nje, naona majani makavu yananing'inia kwenye migomba aliyoipanda yeye. Naruhusiwa kulia, siruhusiwi kuyaondoa. Iliniuma sana. Nikasema, Mungu akinipa nguvu, mwenzangu yeyote akiinuka msibani akute kwake kumekaa vizuri."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mbuzi kamba, kisha akaendelea na kazi.

Halafu ukaja mnyauko.

Wengi wenu mmeuona ukiwa umeshapungua. Sisi tuliuona ulipofika mara ya kwanza. Majani yanakuwa ya njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja huku moja kule, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata mgomba wenyewe, baada ya muda kunatoka usaha wa njano. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mbivu za mnyauko hakuna anayezila. Na dawa hakuna. Unang'oa shina zima na kulifukia, unapanda maharage na viazi mahali pake, unasubiri ardhi isafike ndipo upande upya.

Ugonjwa huu una njia kubwa mbili. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, ndiyo maana tunasema ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe. Njia ya pili ni panga. Ukikata mgomba mgonjwa, hata ule ambao bado haujaonyesha dalili, kisha ukakata mzima kwa panga hilohilo, umeshaupanda ugonjwa.

Kibanja cha kwanza kuanguka Nyabiyonza kilikuwa cha Anastazia, mama wa Kikatoliki mwenye watoto wengi na ulimi usio na likizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka kumzika mama mkwe wake, na kabla hajazoea kiti kitupu jikoni, migomba ikaanza kulegea. Baada yake ikafuata nyumba nyingine iliyokuwa na msiba, kisha nyingine. Mimi niliitazama kata yangu kichwani nikaona wazi kabisa: palipotangulia kifo, ndipo mnyauko ulipofuata. Mimi nilijua kwa nini. Tatizo ni kwamba majirani nao waliona, na wao walikuwa na maelezo yao.

Anastazia ndiye aliyeyasema ya kwanza, mtoni, mbele ya wanawake wenzake, nami nikiwapo nimekwenda kuosha pikipiki. "Mtu anaingia msibani na panga, anakata, anazunguka zunguka peke yake kwenye kibanja cha watu waliokaa chini hawawezi kumwona. Anatoka, kibanja kinakufa. Mnaniuliza mimi anatafuta nini?"

"Anastazia, huo ni ugonjwa," nikamwambia. "Nimewaeleza."

"Ugonjwa, bibi shamba, sawa. Na ugonjwa hauna mwenyewe?"

Neno mchawi hakulitamka. Hakukuwa na haja. Msiba uliofuata, Mzee Byarugaba alikuja na panga lake kama kawaida, na mtu akatumwa kumlaki njiani. "Mzee, pumzika tu. Leo vijana watakata." Alisimama kidogo pale njiani, akalishusha panga begani, akalirudisha nyumbani kwanza, kisha akaja kukaa na wenzake. Nilimwona alivyokaa, mikono juu ya magoti, hajui aifanyie nini.

Niliumia, na niliogopa. Kwetu mzee akishaanza kunong'onwa hivyo, maneno hayaishii mtoni. Mimi nilikuwa na elimu ya kumwondolea jina la uchawi, lakini elimu hiyohiyo ingemwambia kwamba ugonjwa ulisafiri kwa mkono wake. Nikinyamaza, watamwita mchawi. Nikisema, nitamwambia mtu aliyetumikia wafiwa maisha yake yote kwamba kwenye utumishi huo ndimo alimobeba maangamizi. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia ya tatu, na nawaambieni kweli, hakunionyesha.

Mkuu wangu wa wakati huo, aliyesimamia kilimo katika tarafa, alikuwa mtu wa amri na buti. Alitaka migomba yote migonjwa ing'olewe upesi. "Nitaleta mgambo," akaniambia. "Wapite, wakate, wafukie. Ugonjwa hausubiri ibada zenu."

"Mzee, mgambo watang'oa mchana. Wakishaondoka, mwenye kibanja atachukua chipukizi kwa shemeji yake, apande palepale. Mwaka ujao tutarudi tulipo."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka wang'oe wenyewe."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. "Nakupa mpaka mvua zianze," akasema. "Zikianza, naleta mgambo."

Nikaanza kwenda kwa Mzee Byarugaba. Sikwenda na somo. Nilikwenda nikamkuta anamenya ndizi, nikachukua kisu nikamenya naye. Nikarudi tena, na tena. Tulizungumza habari za kwaya, za wajukuu wake, za ng'ombe wa wafugaji waliokula maharage yake. Hakuulizia mambo yanayosemwa, nami sikuyasema. Hatimaye siku moja nikafika wanakula, na mkwewe, bila kuinuka, akaniambia, "Sogea hapo." Nikajua muda umefika.

Baada ya kula nikamwomba twende nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshauona mgomba mmoja pale, majani yake yameanza kugeuka. Nikaukata, tukasimama tukisubiri, hadi usaha wa njano ukajitokeza kwenye shina.

"Baba," nikasema, "huu ugonjwa unatembea kwa panga."

"Panga la nani?"

"La mtu yeyote anayekata hapa akaenda kukata kule."

"Bibi shamba, mimi si mtoto. Panga halina miguu."

Akachuchumaa, akaugusa ule usaha kwa kidole, akaufuta kwenye jani.

"Basi Anastazia amesema kweli."

"Hapana, baba! Anasema wewe ni mchawi. Wewe si mchawi."

"Anasema mimi ndiye niliyeleta. Hilo si kweli?"

Nikaanza kulia. Nililia kweli, mtumishi mzima wa serikali, kwenye kibanja cha watu, mchana. Yeye hakulia. Alingoja nikatulia, kisha akauliza swali ambalo nimelikumbuka miaka yote: "Panga linasafishwaje?"

Nikamweleza. Linapita motoni mpaka chuma kipate moto sawasawa, kila unapotoka kwenye shina moja kwenda jingine, na kila unapotoka kwenye kibanja kimoja kwenda kingine. Akaingia jikoni palepale akalitumbukiza panga lake zima motoni katikati ya mafiga. Mpira wa baiskeli uliokuwa kwenye mpini ukaanza kuungua, jiko likajaa moshi mweusi na harufu mbaya, mkwewe akapiga kelele, na sote tukakimbilia nje tunakohoa. Nilikuwa bado na machozi, na nikajikuta nacheka. Naye akacheka. "Kumbe mpini haumo kwenye somo," akasema.

Nilikuwa nimemwomba Mchungaji wetu anipe nafasi Jumapili baada ya matangazo. Nilikuwa nimeandaa maneno yaliyopimwa, yasiyomtaja mtu. Kabla sijafika mbele, Mzee Byarugaba akasimama kwenye benchi la wazee wa kanisa.

"Bwana asifiwe."

"Ameen."

"Ndugu zangu, mmekuwa mkisema kwamba nimewaletea ugonjwa. Mmesema pembeni, mimi nasema hapa mbele. Ni kweli. Niliubeba kwa panga langu, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na sikujua. Bibi shamba atawaeleza jinsi ulivyo. Mimi nina neno moja. Kesho naanza kung'oa kwangu. Nikimaliza, atakayekubali nitakuja kung'oa naye kwake. Panga litapita motoni kwanza."

Akakaa. Mimi nikasimama pale mbele na maneno yangu yaliyopimwa, nikayaona hayana kazi tena. Niliwaeleza ugonjwa kwa kifupi, nikarudi kukaa. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonigusa kuliko yale, na aliyehubiri hakuwa mchungaji.

Kesho yake tulikuwa watu wachache: yeye, wanawe wawili, mimi, na Mchungaji aliyekuja na jembe lake mwenyewe. Shina la mgomba ni zito, linashikilia ardhi, na ukiacha kipande chini linachipua tena na ugonjwa wake. Alianza na migomba iliyokuwa karibu na kaburi la mkewe, ile aliyoipanda mwenyewe marehemu. Nilimwambia tunaweza kuiacha ya mwisho. "Nikiiacha ya mwisho, nitaiacha kabisa," akajibu. Alichimba taratibu, na tulipomaliza ile sehemu alikaa kidogo pale kaburini, sisi tukaondoka kwenda upande mwingine tukamwachia nafasi.

Siku zilizofuata wakaja majirani, mmoja mmoja, kwanza kutazama, kisha kushika jembe. Mvua zilipoanza, mkuu wangu alikuja na gari lake pamoja na mgambo, akakuta nyumba zinaonekana kutoka barabarani kama zimevuliwa nguo, na watu wanapanda maharage. Alizunguka, akatazama mashimo, akatazama moto uliowashwa kwenye njia ya kuingilia kila kibanja. Hakusema kitu kuhusu ibada. Aliomba tu maji ya kunywa, akawarudisha mgambo wake.

Ulikuwa wakati mgumu. Mtu wa kwetu asipokula ndizi husema hajala, hata kama amekula sahani mbili za ugali. Watoto walinung'unika, wazee walikonda. Mzee Byarugaba alikuwa akipita kwa kila aliyemkubali, anang'oa, anafukia, na panga lake lenye mpini mpya wa mti halikuingia kibanja bila kupita motoni. Kwa Anastazia hakukubaliwa. Yule mama aliisikiliza elimu yangu neno kwa neno, akang'oa migomba yake yote pamoja na watoto wake, ila hakutaka mkono wa yule mzee. Mzee alipita njiani kwake kila wiki akimsalimia, na mama yule aliendelea kupalilia bila kuinua uso.

Na kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Migomba ilianza kurudi, watu wakamsifu kwa kung'oa, lakini msiba ukitokea bado walimwambia, "Mzee, pumzika, vijana watakata." Kung'oa ni habari ya ugonjwa. Msiba ni jambo jingine, na hofu ikishakaa kwenye desturi haing'oki kwa jembe. Hakulalamika hata siku moja. Alikwenda kwenye kila msiba, bila panga, akakaa na wafiwa. Nilipomwuliza kama haimwumi, alisema, "Inaniuma. Lakini mtumishi hajipangii zamu."

Kisha nikahamishwa. Nilipelekwa upande wa Kyerwa, ambao baadaye ukawa wilaya inayojitegemea, na huko mnyauko ulikuwa umetutangulia. Nilifundisha yaleyale: kijiti cha panda, shina lote, moto kwanza. Watoto wakanibandika jina la Mama Moto, na wakiniona nakuja walikimbia kuwaambia wazazi wao wawashe jiko. Mkuu wangu wa mwisho alikuwa binti wa rika la mwanangu, mchapakazi, mwenye hesabu kali za kazi. "Mama," akaniambia siku moja, "mbona unarudi kwa mkulima yuleyule? Ungekwenda kwa mwingine."

"Huyu bado hajaniambia sogea hapo," nikamjibu. Alinishangaa, nikamweleza, na baadaye nilimwona naye anamenya ndizi kwenye jiko la watu.

Nilipostaafu walinipa blanketi na mbuzi, wakasema maneno mazuri mengi ambayo mengine yalinihusu. Sasa niko nyumbani Nyakasimbi, nina kibanja changu, na wajukuu wanaonicheka nikipitisha panga motoni hata kwa ajili ya jani moja la kufunikia chungu. Vijana huja kuniuliza siri ya kudumu kazini. Wanatarajia niseme juhudi, au nidhamu. Mimi nawaambia nenda, rudi, kisha rudi tena. Imani niliyofundishwa kwenye kwaya ilikuwa nzuri, nayo naishukuru, lakini imani niliyoiona ikifanya kazi ilikuwa ya mtu aliyeambiwa apumzike, akaendelea kuja.

Hivi karibuni nilipata habari kwamba mume wa Anastazia amefariki. Nikachukua bodaboda mpaka Nyabiyonza. Migomba imerudi pande zote, huwezi tena kuona nyumba kutoka barabarani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje, na miongoni mwao Mzee Byarugaba, sasa amezeeka sana, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia, nikakaa karibu naye. Vijana walikuwa wamesimama na mapanga yao, wakisubiri kuonyeshwa vibanja vya kwenda kukata.

Binti wa Anastazia akatoka ndani, macho mekundu. Akatazama huku na huku, kisha akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu, akapiga magoti kama tunavyowasalimia wazee.

"Shikamoo, babu. Mama anasema vijana wangoje. Anasema wewe ndiye ukate." "Na majani makavu ya kwetu uyaondoe, kama ulivyofanya tulipomzika bibi."

Mzee alitazama mikono yake. Hakuwa na panga, kwa sababu miaka yote ile hakuja tena nalo msibani. Kijana mmoja akamnyooshea lake, akalipokea, akalipima uzito, akainuka polepole kwa fimbo.

"Moto uko wapi?" akauliza.

Wakamwonyesha, ulikuwa umeshawashwa penye njia ya kuingilia. Alipiga hatua chache, akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimebaki kwenye benchi nafuta machozi kwa kanga.

"Bibi shamba," akasema, "umestaafu ofisi, au umestaafu na mikono?"

Nikainuka, nikaenda kumpokelea mikungu.